Jinsi ya kubadilisha bomba la jikoni mwenyewe

Na Mwandishi Wetu

BOMBA la jikoni linalovuja tone moja kila sekunde hupoteza matone 86,400 kwa siku. Kwa makadirio ya matone 20 kwa mililita moja, hayo ni zaidi ya lita nne. Katika siku tano, ndoo ya lita 20 huwa imepotea na mwenye nyumba hulipia.

Kabla ya kununua bomba jipya, chunguza maji yanatokea wapi. Yakitoka mdomoni, mara nyingi kilichochakaa ni washa ya mpira iliyomo ndani, nayo huweza kubadilishwa peke yake. Bomba zima hubadilishwa linapopasuka au meno yake ya kufungia yanapolika.

Hatua inayowaponza wengi ni kufunga maji. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, bomba hupata maji kutoka kwenye tangi lililo juu. Ukifunga koki ya mita pekee, maji yote ya tangi yatamwagikia jikoni pindi utakapolegeza bomba la zamani. Funga pia koki inayotoka kwenye tangi, kisha fungua bomba hadi maji yakome kabisa.

Vifaa vinavyohitajika ni spana, brashi ya waya, ndoo, kitambaa, tepu nyeupe ya mafundi bomba na bomba jipya lenye kipimo sawa na la zamani, ambacho kwa kawaida ni nusu inchi.

Bomba la ukutani hulegezwa kwa kulizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Lililosimama juu ya sinki hufunguliwa nati zake kwa chini. Safisha meno ya kiungo, kisha viringisha tepu kwenye meno ya bomba jipya mizunguko mitano hadi minane, kwa kufuata mwendo wa saa ili isifumuke wakati wa kufunga. Anza kukaza kwa mkono, malizia kwa spana bila kutumia nguvu nyingi, kwani kiungo cha plastiki hupasuka kwa urahisi.

Fungua maji taratibu, pangusa kiungo na ukiangalie tena baada ya saa moja.

Endapo bomba la zamani litagoma na ukahisi paipu ya ndani ya ukuta inazunguka pamoja nalo, acha mara moja na umwite fundi. Paipu ikikatika humo, itabidi ukuta ubomolewe.