Utafiti wa Wakati Mmoja

Mwaka 2003–04 sampuli ya watu wa Tanzania Bara, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, ilipimwa damu. Asilimia 7 wakaonekana wana virusi vya UKIMWI. Asilimia hiyo huitwa “kiwango cha maambukizi”. Jina hilo lapotosha. Waliohesabiwa ni waliokuwa na virusi siku ya kupimwa, wapya na wa zamani pamoja. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Wanaozitumia huishi miaka mingi, hivyo hesabu hiyo yaweza kupanda hali maambukizi mapya yanapungua. Wengine huuita utafiti huu “mtambuka”, neno ambalo, tukiri, halimwelezi mwalimu lolote juu ya wakati. Twapendekeza “utafiti wa wakati mmoja”, na matokeo yake yaitwe “kiwango cha walio na virusi”.