Ujuzi Usio na Cheti: Askari wa Magereza Arudipo Uraiani, kwa Mtazamo wa Busisi

Mjadala wa kustaafu katika utumishi wa umma nchini Tanzania umemezwa na kikokotoo cha mafao. Kanuni za mwaka 2018 zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, zikasitishwa mwishoni mwa mwaka huohuo baada ya wafanyakazi kupaza sauti. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na katika mwaka wa fedha 2024/25 Serikali ikapandisha hadi 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa likipata 50. Hesabu hizo zina uzito, na mstaafu aliyejenga nusu ya nyumba anajua uzito wake kuliko mimi. Lakini kwa askari wa Jeshi la Magereza fedha si tatizo lote, wala si la kwanza. Anatoka kazini na ujuzi mkubwa ambao hakuna karatasi inayoutaja, na kwa sababu hiyo soko la ajira linamwona mtu wa kusimama getini, basi.

Ninachodai katika makala haya ni kwamba ndani ya kazi ya gerezani zimo fani kadhaa za kiraia zilizokamilika, na kwamba dola inayojua kumpa mfungwa cheti cha useremala haijajiuliza kwa uzito kwa nini askari aliyesimamia karakana hiyohiyo anaondoka bila cheti.

Sababu mojawapo iko kwenye umbo la chombo chenyewe. Magereza yalitenganishwa na Polisi mwaka 1931, na sheria inayoyaongoza hadi leo ni ile ya mwaka 1967. Ni jeshi kwa jina na kwa mwenendo: lina vyeo kuanzia askari wa kawaida hadi Kamishna Jenerali, lina gwaride, silaha, kota na uhamisho usio na mjadala. Dunia imekuwa ikielekea kwingine. Kanuni za Magereza za Ulaya za mwaka 2006 zinataka magereza yawe chini ya mamlaka iliyo mbali na jeshi na polisi. Kanuni za Mandela zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, katika kanuni ya 74, zinataka watumishi wa magereza waajiriwe kama wanataaluma wa kudumu wenye hadhi ya watumishi wa umma. Sitetei hapa kwamba tuvunje umbo la kijeshi. Hilo ni suala jingine na lina hoja zake nzito pande zote. Nasema tu kwamba umbo hilo limeficha yaliyomo. Raia akiona magwanda anaona amri na rungu, haoni kazi.

Basi tuitazame kazi. Chukua ofisi ya mapokezi katika gereza kubwa kama Butimba, jijini Mwanza, gari la mahakama linapoingia jioni. Askari wa zamu anapokea hati ya kifungo na kuisoma mstari kwa mstari: jina, kosa, kifungu cha sheria, muda wa kifungo, tarehe ya hukumu, sahihi ya hakimu, muhuri. Hati yenye kasoro lazima ihojiwe, kwa maana bila hati halali gereza halina haki ya kumshika mtu. Kisha anapiga hesabu. Sheria inatoa msamaha wa theluthi moja kwa mfungwa mwenye tabia njema, kwa hiyo kifungo cha miaka 3 kina tarehe mbili, ya mbali na ya karibu, na zote huandikwa. Makosa yakiwa mawili, ataangalia kama hakimu ameagiza vifungo viende pamoja au vifuatane. Baada ya hapo mali zinaorodheshwa, simu, pete, mkanda, fedha hadi sarafu ya mwisho, na mwenye mali anatia sahihi au dole gumba. Askari akikosea siku moja, kuna mtu atalala ndani siku ambayo sheria haimdai, au ataachiwa akiwa bado anadaiwa.

Kazi hiyo, ikifanywa mahakamani, inaitwa ukarani wa masjala. Ikifanywa kiwandani inaitwa utunzaji wa ghala. Na hatujafika kwenye kuhesabu watu, asubuhi na jioni, ambako hesabu ya waliomo ndani, waliokwenda mahakamani, waliolazwa hospitalini na waliotoka kwa kazi za nje lazima ikubaliane na daftari. Isipokubali, zamu haiondoki. Mtu aliyeishi hivyo kwa miaka 25 ana nidhamu ya kumbukumbu ambayo wenye biashara wengi wangeilipia, kama wangejua ipo.

Askari wa kike nao wana somo lao. Sheria inaruhusu mtoto mchanga kuingia na mama yake gerezani. Anayelinda mabweni ya wanawake hujikuta akifuatilia chanjo, lishe na siku ya mtoto kukabidhiwa kwa ndugu, kazi ambayo nje ya ukuta inafanywa na afisa ustawi wa jamii mwenye stashahada. Nalitaja hili kwa sababu katika mijadala ya wastaafu wa vyombo vya ulinzi mstaafu huwa daima mwanamume.

Sasa tuvuke ghuba ya Ziwa Victoria. Busisi, upande wa Sengerema, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii kwa kuwa penyewe pamebadilishiwa kazi karibuni. Kwa miongo mingi uchumi wa pale uliegemea foleni ya kivuko: magari yakisubiri kuvuka kwenda Kigongo, abiria walinunua samaki, mahindi, mayai na soda. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Safari iliyokula saa nzima na zaidi, ukijumlisha kusubiri, sasa ni dakika chache, na gari halina sababu ya kusimama. Askari aliyetumikia Butimba, au gereza la Kasungamile humohumo Sengerema, akiamua kujenga upande huu wa ziwa, anaingia kwenye soko la kazi ambalo wenyeji wake nao wanatafuta pa kushika.

Atapata nini? Ulinzi, bila shaka. Mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, uko barabara hiyohiyo ukiendelea magharibi, na kampuni za ulinzi zimeota kila mji. Siidharau kazi ya ulinzi. Imesomesha watoto wengi. Shida yangu ni kwamba inatumia sehemu ndogo kabisa ya anachokijua mtu huyu, yaani kukesha.

Mfano wa kazi ambayo ingetumia ujuzi wake zaidi, tena ulio karibu na maji, ni ufugaji wa sato kwa vizimba, ambao Serikali imeusukuma kwa nguvu katika Ziwa Victoria. Januari 2024 Rais aligawa vizimba na boti za mkopo jijini Mwanza. Kizimba hakiwi na faida kwa kulindwa tu. Vifaranga huhesabiwa vikiingia, chakula, ambacho ndicho gharama kubwa, hupimwa kwa uzito wa samaki waliomo, samaki waliokufa hutolewa na kuandikwa kila siku, wavu hukaguliwa usije ukatoboka. Ukikosa daftari hujui kama umeibiwa, umelisha ovyo au umepatwa na ugonjwa. Mwenye kizimba anamwajiri askari mstaafu kushika tochi usiku, halafu anatafuta kijana mwenye cheti wa kushika daftari mchana. Mzee ambaye hakuwahi kufunga siku bila hesabu kukubali haulizwi hata kama anaweza kuandika!

Atasema msomaji: askari hawa wanakataliwa kwa sababu nyingine. Wamezoea kutiiwa. Hoja hii ni ya kweli na inastahili jibu la kweli. Mtu aliyezoea amri yake kutekelezwa pale pale hupata tabu dukani, kwenye kamati ya maji, hata nyumbani, ambako watu hufuata jambo wakikubali na huacha wakikataa. Na katika mji mdogo hutokea akutane mnadani na mtu aliyewahi kumfungia mlango. Lakini tuangalie vizuri. Askari anayeingia peke yake, bila bunduki, katika bweni lenye makumi ya wafungwa, haendeshi mambo kwa amri tupu. Anaishi kwa kusoma nyuso, kwa kujua ugomvi kabla haujalipuka, kwa kutimiza alichoahidi. Ujuzi huo ndio hasa unaohitajika katika usimamizi wa adhabu za nje. Tuna Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Zote zinategemea afisa wa kumfuatilia mhalifu akiwa kijijini kwake. Nani anafaa zaidi kumsaidia afisa huyo katika kata za Sengerema?

Njia ya kisheria haina haja ya kubuniwa upya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti. Mafundi seremala, waashi na wapishi wamenufaika. Jeshi la Marekani, ambalo gereza lake la Fort Leavenworth lina historia ya karne moja na nusu, lina programu iitwayo Army COOL inayolinganisha kila kazi ya askari, hata ile ya mlinzi wa wafungwa, na vyeti vya kiraia anavyoweza kuvipata akiwa bado kazini. Sisi hatuhitaji mfumo wa ukubwa huo. Tunahitaji Magereza na VETA wakae chini waandike ni majukumu gani ya gerezani yanalingana na utunzaji wa kumbukumbu, ghala, kilimo, mifugo, upishi wa wengi na ufundi wa karakana.

Wapo watakaohofu kwamba askari mwenye cheti ataacha kazi mapema. Wachache wataacha. Ila jeshi linalowabakiza watu kwa kuwa hawana pa kwenda linajidhuru, na anayeumia kwanza ni mfungwa aliye chini ya mtu aliyekata tamaa.

Suala la wakati ndilo ningetaka lishikwe kuliko yote. Semina za wastaafu huja miezi ya mwisho, na huzungumzia kuku, bodaboda na mafao. Upimaji ufanyike askari akiwa bado kituoni, mwaka mmoja au miwili kabla, kwa sababu ushahidi wa ujuzi wake umo katika madaftari ya gereza: zamu alizoongoza, mavuno aliyosimamia, ghala alilolikabidhi bila upungufu. Siku anaporudisha sare na ufunguo wa kota, madaftari hayo yanabaki ndani ya lango ambalo yeye sasa ataliingia kwa kibali. Mkuu wa gereza ana mamlaka ya kuyafungua na kutia sahihi maelezo ya kazi ya askari wake, na anayo kabla ya siku hiyo tu.