Maelezo na Tendo katika Kompyuta

Mwaka 1972, mjini Marseille, Alain Colmerauer na wenzake waliunda Prolog, lugha ambayo mtu huielezea kompyuta mambo yaliyo kweli, nayo ikatafuta jibu kwa mantiki. Robert Kowalski aliitetea njia hiyo: kwake, kazi yote ya kompyuta yaweza kuhesabiwa kuwa ni kutoa hitimisho. Carl Hewitt wa Marekani, aliyetangaza pamoja na wenzake mwaka 1973 nadharia ya watendaji wanaopelekeana ujumbe, alikataa. Watu wawili walio mbalimbali wakiagiza mara moja fedha za akiba iliyo moja, nayo yamtosha mmoja tu, ni nani atakayepewa? Maelezo yote ya mwanzo hayasemi ni ujumbe upi utakaotangulia. Hilo hujulikana likisha kutendeka. Hoja hii ni nzito, ingawa Hewitt aliivuta mbali mno, maana jambo likisha kutokea mantiki yaweza kulieleza.

Wajapani waliionja shida hiyo katika mradi wao mkubwa ulioanza mwaka 1982. Lugha zao za mantiki, zilipotakiwa kutenda mengi kwa pamoja, ziliwekewa sharti la kushika njia moja bila kurudi nyuma. Zikaweza kutenda, zikapoteza uwezo wa kutafuta majibu mengine.