Sala ya Hiari katika Shule za Marekani

Watu wanaowasifu wanafunzi Wakristo wa Marekani kwa kuishika imani yao hadharani katika shule za sekondari za serikali, mara nyingi husema kana kwamba vijana hao walikuwa vitani na sheria ya nchi yao. Lakini mwenye kuifuata tarehe ya jambo hili tangu mwanzo wake huona kwamba sheria ile ile iliyodhaniwa kuwa adui wa ibada ndiyo iliyoipa sala ya mwanafunzi thamani yake, kwa kuwa iliiondoa katika mikono ya wenye amri ikaiacha katika hiari ya mwenye kuomba.

Katika karne ya 19, shule za umma zilipokuwa zikienea, hasa baada ya Horace Mann kushika ukatibu wa halmashauri ya elimu ya Massachusetts mwaka 1837, kusoma Biblia darasani kulihesabiwa kuwa ada njema isiyohitaji hoja, na Biblia yenyewe ilikuwa ile ya Mfalme James, iliyopendwa na Waprotestanti. Wakatoliki, ambao idadi yao ilikuwa ikiongezeka kwa wahamiaji kutoka Ireland, waliona kwamba watoto wao wanatiwa katika madhehebu ya wengine kwa kodi waliyoilipa wao wenyewe. Katika mji wa Philadelphia, Askofu Francis Kenrick aliwaomba wakuu wa shule wawape watoto wa Kikatoliki ruhusa ya kusoma Biblia yao. Ombi hilo likavumishwa kuwa ni hila ya kuitoa Biblia shuleni, fitina ikawaka, na mwezi wa Mei 1844 watu waliuawa njiani, nyumba zikachomwa, na makanisa ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Agostino yakateketea. Waliochoma na waliochomewa, wote walikuwa watu wa Kristo.

Ghasia zilitulizwa kwa nguvu za askari, bali ada haikukoma. Jimbo la Pennsylvania lilifikia hata kuamuru kwa sheria kwamba zisomwe aya zisizopungua 10 za Biblia kila siku ya masomo. Na tarehe 26 Novemba 1956, katika shule ya sekondari ya Abington, kando ya mji ule ule wa Philadelphia, kijana wa miaka 16 aitwaye Ellery Schempp alikuja darasani na Kurani aliyoiazima, akaifungua na kuisoma kimya wakati aya za Biblia zikisikika katika kipaza sauti, kisha wenzake waliposimama kwa Sala ya Bwana yeye akabaki ameketi. Alipelekwa kwa wakuu wa shule ajieleze, na shauri lililofunguliwa na jamaa yake likapanda ngazi za mahakama kwa miaka mingi hata likafika Mahakama Kuu ya Marekani. Mahakama hiyo, ambayo tarehe 25 Juni 1962 ilikuwa imekwisha kuibatilisha sala ya maneno 22 iliyotungwa na halmashauri ya elimu ya New York, ilitoa hukumu yake tarehe 17 Juni 1963: majaji 8 kwa 1 walisema kwamba shule ya serikali haina ruhusa ya kuongoza ibada.

Hukumu hizo zilipokewa kwa manung'uniko makubwa, na wengi walisema kwamba Mungu amefukuzwa shuleni. Hata hivyo majaji hawakumkataza mtoto kuomba. Waliikataza serikali kumwombesha. Tofauti hiyo haikuwaingia upesi walimu wakuu, ambao baadhi yao, kwa hofu ya kushtakiwa, walizuia hata lile ambalo halikuzuiwa. Mwaka 1969 mahakama hiyo hiyo, ikiamua shauri la wanafunzi wa Des Moines waliofukuzwa darasani kwa kuvaa vitambaa vyeusi mkononi kwa ajili ya vita vya Vietnam, ilithibitisha kwamba mwanafunzi haiachi haki yake ya kusema nje ya lango la shule. Na msingi huo, uliowekwa na vijana waliopinga vita, ndio ambao baadaye wanafunzi Wakristo waliujengea.

Tarehe 11 Agosti 1984 Rais Reagan alitia sahihi sheria iliyosema kwamba shule ya sekondari inayopokea fedha za serikali kuu, ikiwa imekiruhusu hata chama kimoja cha wanafunzi kisichohusu masomo kukutana nje ya saa za darasa, haiwezi kukikataa kingine kwa sababu ya dini, siasa au falsafa yake. Masharti yake yalikuwa ya hekima: chama kianzishwe na wanafunzi wenyewe, mwalimu akihudhuria asishiriki ibada, na watu wa nje wasikiendeshe. Januari 1985, katika shule ya Westside mjini Omaha, mwanafunzi Bridget Mergens alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba chama cha kusoma Biblia na kuomba pamoja, akaambiwa kwamba haiwezekani, kwani kila chama sharti kiwe na mwalimu mlezi, na chama cha dini kitavunja katiba. Shule hiyo ilikuwa na vyama kama 30, kimojawapo cha sataranji na kingine cha kupiga mbizi. Shauri lake lilipoamuliwa na Mahakama Kuu tarehe 4 Juni 1990, majaji 8 kwa 1 wakimpa haki, yeye alikuwa amekwisha kumaliza masomo, na matunda ya subira yake yakaliwa na waliomfuata.

Mwaka huo huo vijana wa Burleson, katika Texas, walikwenda usiku kwenye shule kadhaa wakaziombea, na kutokana na tendo lao ikazaliwa ada ya wanafunzi kukusanyika asubuhi moja ya Septemba penye mlingoti wa bendera, kabla ya kengele ya darasa, wakishikana mikono. Ada ya namna hii haikukosa gharama. Katika shule ya Heath, karibu na Paducah, Kentucky, tarehe 1 Desemba 1997, duara ya wanafunzi waliozoea kuomba ukumbini kila asubuhi ilikuwa ndiyo kwanza imeitikia amina, mwanafunzi mwenzao wa miaka 14 akawafyatulia risasi; wasichana 3 walikufa na wanafunzi 5 wakajeruhiwa. Baada ya msiba huo wanafunzi walitundika bango shuleni la kumsamehe muuaji, jambo ambalo hapana serikali iwezayo kuliamuru.

Wazazi, makanisa na jumuiya wanaowatunukia wanafunzi wa namna hii tuzo na msaada wa karo wanafanya jambo la insafu, maadamu wanakumbuka kile wanachokiheshimu. Mwaka 2000 Mahakama Kuu iliikataza shule moja ya Texas kutoa sala kwa kipaza sauti kabla ya mchezo wa mpira, nayo haikupunguza kwa hukumu hiyo haki ya mchezaji kuomba kwa moyo wake. Na sheria ya 1984 haikuwahifadhi Wakristo peke yao, bali ilitumiwa pia na wanafunzi Waislamu, na Wayahudi, na wasio na dini, na wengine ambao mwenendo wao Wakristo wengi hawakuuridhia. Astahiliye kutukuzwa basi ni mwanafunzi aliyeomba pasipo kuamriwa, akamwacha jirani yake asiombe pasipo kumchukia. Maana huyo ameipokea haki yake nzima bila ya kuipunguza ya mtu mwingine.