Mwalimu Mkuu Anapoketi Nyuma ya Darasa

Mwaka wa 1986 wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walijiunga na Kidato cha Kwanza, Kiswahili kikiwa somo la lazima kwao. Nilikuwa mwalimu mchanga katika shule moja viungani mwa Nakuru. Siku moja mwalimu mkuu wetu, bingwa wa Hisabati, aliingia akaketi dawati la nyuma, kalamu mkononi. Nilikuwa nafunza ngeli. Kwa ujasiri kabisa nikaiweka nomino 'maji' katika ngeli ya LI-YA!

Baadaye alinisifu sana: mwandiko ubaoni, sauti, maandalio ya somo. Kuhusu 'maji' hakusema neno. Angesemaje, naye Kiswahili hakukisomea? Wanafunzi arubaini walikaa na kosa langu hadi muhula uliofuata, nilipolirekebisha kwa aibu. (Ni YA-YA, ndugu msomaji, nomino hii haina umoja.) Kumbe nilikaguliwa mimi, somo lenyewe halikukaguliwa.

Enzi hizo Wizara ya Elimu ilikuwa na wakaguzi wake. Tuliwaita mainspekta, kama wa polisi, na tuliwaogopa vivyo hivyo. Walikuja kwa nadra. Wakija, shule nzima ilifagiliwa. Tume ya Kuajiri Walimu (TSC), iliyoundwa mwaka wa 1967, ilishughulikia ajira na nidhamu. Ya kila siku darasani yakabaki kwa mwalimu mkuu, awe analijua somo au halijui.

Mwaka wa 2016 TSC ikaleta mfumo wa TPAD: mwalimu ajitathmini, msimamizi wake shuleni amtathmini pia, matokeo yapakiwe mtandaoni. Chama cha KNUT kiliupinga, kikilalamika kuwa unakula muda wa kufunza. Walikuwa na hoja. Hata hivyo, mfumo huo unadai mtu aketi darasani atazame somo, na hilo silipingi. Swali langu ni lile la 1986: mtu yupi?

Majuzi hapa Kiamunyi ninapoishi nilikutana na mmoja wa wale arubaini. Sasa ni mwalimu mkuu, mtaalamu wa Bayolojia. Aliniuliza atazame nini akiingia katika kipindi cha Kiswahili. Nikamwambia aandamane na mkuu wa idara ya lugha: yeye awatazame wanafunzi, mwenzake asikilize ngeli.

Akacheka. "Na maji je, mwalimu?"