Kiingereza cha Mzigo Mkoani Mara

Kijana wa Musoma anayetafuta kazi ya ununuzi, ghala au usafirishaji hukutana na Kiingereza kabla hajakutana na mzigo wenyewe. Tangazo la nafasi mgodini North Mara, makabrasha ya zabuni, mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi: vyote humtaka azijue istilahi za taaluma kwa lugha hiyo. Basi hutafuta kozi, hununua kijitabu, hukariri orodha ndefu ya maneno na tafsiri zake, na wengi huishia kuwa na orodha kichwani wasijue pa kuitumia. Lawama hupelekwa shuleni: Kiingereza hakifundishwi ipasavyo. Lawama hiyo ina ukweli, ila haitoshi. Historia ya Musoma, Bunda na Butiama inaonyesha kuwa Kiingereza cha mzigo kiliwahi kukaa vizuri mikononi mwa watu wa huku, tena watu waliosoma miaka michache tu, kwa sababu kiliwafikia kikiwa kimefungamana na kazi. Kilipofifia, kilichotangulia kuondoka ni kazi.

Tuanze na ziwa. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zilizotengenezwa Uingereza zikaletwa vipande vipande, zikaunganishwa Kisumu, zikaanza kuzunguka Ziwa Viktoria bandari kwa bandari. Musoma haikuwa na reli, na mpaka leo haina. Reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma imebaki mpango wa kuzungumzwa kizazi baada ya kizazi. Lakini mji ule uliishi kama ncha ya reli. Pamba, ngozi na samli vilivyopakiwa hapo vilikuwa tayari vimeingia katika mfumo mmoja uliokwenda hadi Mombasa, na katika miaka ya 1960 vivuko vya mabehewa, Umoja na Uhuru, vilifikisha mabehewa yenyewe katika mji usio na njia ya reli ya kutokea. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, liliendesha yote hayo kwa karatasi, na karatasi zake zilikuwa za Kiingereza.

Inafaa kuitazama hati ya mzigo kwa karibu, maana ndiyo iliyokuwa kitabu cha kiada. Ina jina la mpelekaji, jina la mpokeaji, idadi ya vifurushi, alama iliyoandikwa juu ya kila kifurushi, uzito, hali ya mzigo ulipopokelewa, na nauli: imelipwa hapa au italipwa huko uendako. Karani aliyejaza safu hizi hakuhitaji kuelezwa tofauti ya mpelekaji na mpokeaji, kwa sababu mmoja alikuwa amesimama mbele yake na mwingine yuko ng'ambo ya maji. Hakuhitaji kukariri maana ya uzito jumla na uzito halisi, kwa sababu aliupima mzigo ukiwa na gunia lake, kisha akatoa uzito wa gunia. Akikosea safu ya nauli, mzigo ungezuiliwa kwenye bandari ya mwisho hadi mtu alipe. Akiandika magunia arobaini na meli ikashusha thelathini na tisa, angedaiwa maelezo. Kila neno la Kiingereza kwenye hati ile lilikuwa na matokeo, na neno lenye matokeo halisahauliki upesi.

Bunda ilikuwa na shule yake, nayo ilikuwa ya pamba. Mkulima alichambua pamba yake nyumbani katika mafungu mawili, safi na fifi, kabla ya kuibeba kwenda kuuza. Karani wa mizani aliipokea kwa majina hayo hayo, akaandika daraja A na daraja B kwenye kitabu. Kiwandani ilichambuliwa mbegu, nyuzi zikashindiliwa kuwa marobota ya takribani ratili 400, yaani kilo 181 hivi, na kila robota likapigwa namba na alama ili mnunuzi wa mbali ajue limetoka wapi. Fundisho la madaraja lilianza kwa Kiswahili, shambani, mikononi mwa watu walioona kwa macho tofauti ya pamba nyeupe na ile iliyoliwa na wadudu. Kiingereza kilikuja juu yake kama jina la pili la kitu kinachofahamika. Hakuna mkulima wa Bunda aliyepaswa kuelezwa kwa nini daraja moja lilipwe zaidi ya jingine. Kilichobaki kwake ni kuhakikisha karani ameandika herufi aliyostahili.

Hapo ndipo penye pingamizi zito kuliko yote, na sitaki kulipita kwa haraka. Shule hii ya kazini, mtu atasema, ilikuwa shule ya utumishi. Ilimpa karani maneno yaliyohitajiwa na bwana wake, ikamnyima mengine. Alijua kujaza nauli, hakujua nauli ilipangwa vipi. Aliandika bei ya pamba, hakuambiwa Liverpool wameinunua kwa kiasi gani. Ni kweli tupu. Na mkulima aliyesimama upande wa pili wa mizani alikuwa na hali mbaya zaidi: malalamiko ya kupunjwa uzito yalienea katika Jimbo la Ziwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpaka vikundi vya wakulima vikaamua kuajiri wapimaji wao wenyewe wa kusimama penye mizani za wafanyabiashara na kuhakiki.

Lakini tazama pingamizi hilo lilivyojibiwa na watu wenyewe. Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 Ikizu, ambayo leo iko Bunda. Alifanya kazi katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika Mwanza, akayajua mahesabu na malalamiko yake, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 akawa kiongozi wa wakulima wa pamba waliokuwa wakijikusanya kuuza wenyewe. Baada ya hapo ndipo alipokwenda Loughborough, Uingereza, mwaka 1953 hadi 1954, kusomea ushirika. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo katika muda mfupi lilishika ununuzi wa pamba na kumiliki viwanda vya kuichambua. Utaratibu huu ndio wa kuutafakari: mizani kwanza, darasa baadaye, kisha mamlaka. Bomani alipokaa kwenye madawati ya Loughborough hakuwa akijifunza maana ya ghala, bei ya mkulima au gharama za kusafirisha; alikuwa akitafuta namna ya kuyasema mambo hayo mbele ya serikali ya kikoloni na wanunuzi wa ng'ambo bila kupigwa chenga. Kazi peke yake ingembakisha karani. Darasa peke yake lingempa ufasaha usio na mzigo nyuma yake. Kwa hiyo wanaosema shule ya kazini ilikuwa finyu wako sahihi, lakini dawa ya ufinyu huo ilipatikana kwa kuipanua. Haikupatikana kwa kuifunga.

Kwa bahati mbaya, ilifungwa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa Azimio la Musoma. Azimio hilo linakumbukwa zaidi kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, lakini lilikuwa na sehemu ya pili isiyopewa uzito wake: mwanafunzi amalizapo kidato cha sita aende kwanza kazini, ndipo afikirie chuo kikuu. Wazo kwamba kazi itangulie nadharia, basi, lilipitishwa rasmi katika mji huu huu. Lakini Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zao zikahamishiwa kwa mamlaka za mazao, na mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli na meli likagawanywa. Njia ya Kisumu ikakatika. Mzigo wa Musoma ukageuziwa Mwanza na reli ya kati. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, na sheria ya ushirika ilikuwa imerudi mwaka 1982, ila mfululizo wa makarani waliofundishana kazi, mkongwe kwa mgeni, ulikuwa umekatika. Ndani ya miaka mitatu mkoa ulipata watoto wengi zaidi darasani na sehemu chache zaidi ambako msamiati wa mzigo ungeweza kushikwa kwa mkono. Naona hapa ndipo palipo chimbuko la udhaifu tunaoulaumu leo kwa walimu wa Kiingereza.

Ushahidi kwamba tatizo halikuwa vichwa vya watu ulikuja na samaki. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kusafirisha Ulaya katika miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili mwishoni mwa 1997 kwa hofu ya kipindupindu, ukazuia tena mwaka 1999 kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Ili soko lirudi, ilibidi kila shehena iweze kufuatiliwa kutoka sahanini hadi mwaloni. Wafanyakazi wa viwandani Musoma na wasimamizi wa mialo wakajikuta wanajaza kumbukumbu za joto la samaki, namba za fungu, tarehe na mahali pa kuvuliwa, kwa Kiingereza kilichodaiwa na wanunuzi. Lugha haikuwa kizuizi kikubwa, kwa kuwa barafu ilikuwa mbele yao na samaki aliyezidi joto alionekana kwa macho na kunusika. Kizazi kipya kilijifunza kama kile cha makarani wa gatini kilivyojifunza, na kwa sababu zile zile.

Wapo watakaonijibu kwa kumtaja Mwalimu Nyerere. Mwana wa Butiama, aliyeanza shule Mwisenge pale Musoma mwaka 1934 na kufika Edinburgh, ndiye aliyekuwa Rais wakati Tume ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Yeye mwenyewe aliona Kiingereza ni lugha ambayo Watanzania wanaihitaji ili wazungumze na dunia. Nakubali, na sipingi Kiingereza. Lakini ni Nyerere huyo huyo aliyetoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare ambayo mzunguko wake wote ni meli zilizochelewa, mkopo uliowekewa dhamana, na mkataba usiosamehe. Msomaji wa Kiswahili aliufuata mkataba ule hadi mahakamani bila kupotea njia. Na wakulima wa korosho wa kusini wameuelewa mfumo mzima wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, wakaujadili na kuupinga inapobidi, kwa Kiswahili. Kwa hiyo anayesema dhana za ugavi haziwezi kueleweka kwa lugha yetu hana ushahidi. Kiingereza kinahitajika kwa sababu mnunuzi, mtengenezaji wa programu na mtahini wanakitumia. Sababu hiyo inatosha, wala haitulazimishi kuanzia hapo.

Chukua mfano ulio karibu, zahanati ya kijiji wilayani Butiama inayoagiza kutoka Bohari ya Dawa. Fomu huuliza dawa ilikuwa kiasi gani mwanzo wa kipindi, imepokelewa kiasi gani, imetumika, imeharibika, imebaki, na ilikosekana kwa siku ngapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye akili yote. Dawa ikikosekana mwezi mzima, matumizi yataonekana madogo. Asiyejaza siku za kukosekana ataagiza kidogo, ataletewa kidogo, na ukosefu utajirudia hata kama bohari imejaa. Muuguzi aliyewarudisha wagonjwa mikono mitupu huelewa hesabu hiyo akielezwa mara moja, kwa Kiswahili, na jina lake la Kiingereza hulibeba siku hiyo hiyo. Aliyekariri jina hilo kwenye orodha anaweza kufaulu mtihani na bado akaiacha safu wazi.

Nchi imekuwa na chombo cha kusimamia taaluma ya ununuzi na ugavi tangu mwaka 1981, kikafanywa upya kwa sheria ya mwaka 2007, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo tangu 1975. Vyeti havikosekani. Kinachokosekana Mara ni mahali ambapo mwanafunzi wa ugavi huikuta hati ikiwa bado ina kazi. Msimu wa pamba unapofunguliwa, vyama vya msingi vya ushirika wa mazao (AMCOS) vya Bunda huhitaji watu wa kusimama na karani penye mizani, kuandika leja, kulinganisha kilo zilizotoka na zilizopokelewa kiwandani. Vyuo vya mkoa vingeweza kupeleka wanafunzi wao huko kwa msimu mzima, na kwenye gati la Musoma, na kwenye stoo za vituo vya afya, na darasa la Kiingereza likafuata wanaporudi na vitabu walivyojaza wenyewe. Gharama yake ni nauli, chakula na msimamizi mmoja mwenye subira.