Kipi Kitangulie: Historia ya Kupanga Masomo ya Kiingereza kwa Wanaokisoma Kama Lugha ya Kigeni

Mwalimu wa Kiingereza aliyepita chuo cha ualimu nchini Tanzania huzijua nyaraka tatu zinazotangulia kipindi chochote: muhtasari wa somo, unaotaja yatakayofundishwa katika mwaka mzima, azimio la kazi, linaloyagawa mambo hayo kwa mihula na wiki, na andalio la somo, linaloonyesha katika kipindi kimoja mwalimu atafanya nini, wanafunzi watafanya nini na kwa dakika ngapi. Nyaraka hizo huonekana kuwa za kiofisi tu, na si siri kwamba nyingi hujazwa kwa sababu mkaguzi atazidai, lakini karibu kila safu iliyomo ndani yake ni masalia ya mabishano ya miaka mia moja juu ya swali moja: kwa kuwa lugha haiwezi kufundishwa yote kwa mkupuo, kipi kitangulie na kipi kifuate? Baadhi ya majibu yenye uzito zaidi hayakutoka Uingereza kwenyewe, bali yalizaliwa Dhaka, Tokyo na India ya Kusini, mbele ya wanafunzi ambao hawakukisikia Kiingereza nyumbani wala mtaani.

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, lugha za kigeni katika shule za Ulaya zilipangwa kwa kuiga masomo ya Kilatini: sura ya kwanza ilihusu nomino, iliyofuata ilihusu vitenzi, na kila sura ilimalizika kwa sentensi za kutafsiri ambazo hakuna mtu angezitamka nje ya darasa. Wanamageuzi kama Wilhelm Viëtor wa Ujerumani, aliyetoa kijitabu chake cha kuukosoa mfumo huo mwaka 1882, na Henry Sweet wa Uingereza walidai kwamba matamshi na mazungumzo yapewe nafasi ya mbele, huku Maximilian Berlitz, aliyefungua shule yake ya kwanza Marekani mwaka 1878, akifundisha bila kutumia lugha ya mwanafunzi hata kidogo. Hayo yalikuwa mageuzi ya namna ya kufundisha. Suala la kuchagua kwa vigezo vinavyoeleweka maneno na miundo ya kuanzia halikupata jibu la kuridhisha hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Aliyelikabili kwa ukali zaidi ni Michael West, Mwingereza aliyekwenda India mwaka 1912 katika utumishi wa elimu wa serikali ya kikoloni na baadaye akawa mkuu wa chuo cha ualimu cha Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh. Katika kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya matumizi ya lugha mbili huko Bengal, West alianza na jambo ambalo wapangaji wengi wa mitaala hulipita haraka, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya watoto walioanza kujifunza Kiingereza waliacha shule kabla ya kumaliza, ilhali kozi nzima ilikuwa imeundwa kwa ajili ya wachache ambao wangefika chuo kikuu. Kwa kuwa faida ya kozi hiyo ilikuja mwishoni, mtoto aliyeondoka baada ya miaka miwili au mitatu aliondoka karibu mikono mitupu. Ili kulieleza jambo hilo West aliazima hoja kutoka biashara ya bima, ambako mteja anayeacha kulipa kabla ya muda wa mkataba kwisha hurudishiwa kiasi fulani kulingana na alichokwisha kulipa. Kozi ya lugha, alisema, nayo ipimwe kwa kile anachobaki nacho mwanafunzi anayeikatiza njiani.

Kutokana na hoja hiyo alifikia uamuzi uliowakera wenzake, yaani kwamba kwa Mbengali kusoma kutangulie kuzungumza. Sababu zake zilikuwa za kimazingira kuliko za kinadharia. Mbengali wa kawaida hakuwa na Mwingereza wa kuzungumza naye, lakini aliyahitaji maarifa yaliyokuwa katika vitabu vya Kiingereza. Tena katika darasa lenye msongamano kila mwanafunzi hupata nafasi ndogo mno ya kusema, ilhali wote wanaweza kusoma kwa wakati mmoja. West alipovichunguza vitabu vya kusomea vilivyotumika wakati huo aligundua kwamba maneno mapya yalimwagwa kwa wingi katika kila ukurasa, mengi yakiwa ya kizamani au ya kifasihi, na kwamba mengi hayakurudiwa tena kiasi cha kukaa kichwani. Alivirekebisha kwa kubadilisha maneno adimu kwa yale ya kawaida, kupunguza idadi ya maneno mapya na kuhakikisha kwamba kila neno jipya linajitokeza tena na tena katika aya zinazofuata. Huo ndio msingi wa vile vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi, ambavyo hadi leo hupatikana katika maktaba za shule za sekondari za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1935, pamoja na James Endicott, West alitoa pia kamusi ya wanafunzi iliyofafanua maingizo yapatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu, ili mwanafunzi asilazimike kutafuta neno la pili ili alielewe la kwanza.

Wakati West akihesabu maneno huko Dhaka, Harold Palmer alikuwa Tokyo akijaribu njia iliyokuwa kinyume chake. Palmer, aliyeanzia kazi ya ualimu wa lugha nchini Ubelgiji na kuikimbia nchi hiyo vita vilipozuka mwaka 1914, alifika Japani mwaka 1922 akiwa mshauri wa lugha wa Wizara ya Elimu, na mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1936. Yeye aliamini kwamba sikio na ulimi vitangulie jicho, na kwamba kitu cha kupangwa kwa hatua, kutoka rahisi kwenda gumu, ni ruwaza za sentensi kuliko orodha ya maneno. Alitumia majedwali ambamo sentensi moja iligawanywa katika safu, ili mwanafunzi akibadilisha neno la safu moja apate sentensi nyingine sahihi bila kuifikiria kanuni ya sarufi. Majedwali hayo yangali yamejaa katika vitabu vya kiada, ingawa ni wachache wanaokumbuka yalikotoka. Hata hivyo Palmer alikumbana na kizuizi ambacho mwalimu wa popote anakijua, nacho ni mtihani: shule za Japani ziliwaandaa wanafunzi kwa mitihani ya maandishi iliyodai tafsiri na sarufi, na mwalimu mwenye mtihani mbele yake hana sababu ya kutumia vipindi kwa mazungumzo. Mrithi wa fikra zake, A. S. Hornby, aliyefika Japani mwaka 1924, aliandaa huko kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, ikiwa na maelezo ya jinsi kila kitenzi kinavyounda sentensi; baada ya vita ilichukuliwa na Oxford University Press, na matoleo yake ya leo yanajulikana kwa walimu duniani kote.

Palmer na West walikutana na wataalamu wengine New York mwaka 1934, katika mkutano uliofadhiliwa na shirika la Carnegie kwa lengo la kuafikiana juu ya msamiati wa msingi. Ripoti yao ya mwaka 1936 ilizaa orodha ya maneno yapatayo 2,000 ambayo West aliichapisha mwaka 1953, ikionyesha hata ni maana ipi ya neno inayotumika mara nyingi zaidi. Tangu hapo muhtasari wa Kiingereza ukawa na nguzo mbili: msamiati uliochujwa na miundo ya sentensi iliyopangwa kwa hatua. Marekani iliongeza yake katika miaka ya vita, pale Charles Fries alipoanzisha mwaka 1941 taasisi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Michigan, na kufundisha kwa kurudiarudia miundo hadi iwe mazoea. Mkondo huo ulienea pamoja na maabara za lugha na vinasa sauti, kisha ukapoteza heshima baada ya mwanaisimu Noam Chomsky, mwaka 1959, kuipinga dhana ya kwamba lugha ni mazoea.

Afrika ya Mashariki iliingia katika historia hii ikiwa mpokeaji zaidi kuliko mbunifu. Mwaka 1957 kituo maalumu kilianzishwa Nairobi kuandaa vitabu na mafunzo ya kufundishia watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kikianzia katika shule za Waasia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpango huo ulipanuliwa kufikia shule za Waafrika. Januari 1961 wajumbe wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana katika Chuo cha Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miongo mitatu baadaye Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza kwamba mkutano huo uliyapa uhalali mambo matano ambayo hayakuwa yamethibitishwa: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kuanza mapema ni bora, kwamba kadiri kinavyofundishwa zaidi ndivyo matokeo yanavyokuwa bora, na kwamba lugha nyingine zikitumika Kiingereza hushuka. Mtu anaweza kubishana na Phillipson juu ya nia za wajumbe, lakini ni vigumu kukana kwamba mambo hayo matano yangali yakisemwa katika ofisi za shule kana kwamba ni sheria za maumbile.

Badiliko kubwa lililofuata lilitokea Ulaya, na lilikuwa na mteja tofauti kabisa. Mwaka 1971 Baraza la Ulaya liliitisha mkutano huko Rüschlikon, Uswisi, kujadili namna ya kuwafundisha lugha watu wazima waliokuwa wakivuka mipaka kwa ajili ya kazi na biashara. David Wilkins alipendekeza kwamba muhtasari uanze na dhima, yaani mambo ambayo mtu huyafanya kwa lugha, kama kuomba radhi, kukataa mwaliko au kuuliza njia, na ndipo miundo itafutwe ya kuzitimiza dhima hizo. Mwaka 1975 Jan van Ek alitoa orodha kamili ya kiwango cha chini anachohitaji mgeni ili ajitegemee, na kutokana na kazi hiyo, iliyoongozwa kwa miaka mingi na John Trim, vilitokea viwango sita vya mwaka 2001, kuanzia A1 hadi C2, vinavyotajwa sasa katika mitihani na maombi ya viza. Wakosoaji, miongoni mwao Henry Widdowson, walionya kwamba orodha ya dhima bado ni orodha, na kwamba kuikata lugha vipande vipya si sawa na kuifundisha jinsi inavyotumika. Kwa mtu anayesafiri kesho kwenda Hamburg mpango huo una mantiki. Kwa mtoto wa kijijini ambaye Kiingereza chake chote kimo ndani ya vipindi vya shule, mazungumzo ya kuagiza chakula hotelini hayana tofauti kubwa na zile sentensi za Kilatini.

Jibu kwa mazingira ya namna hiyo lilitoka tena India. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1984, N. S. Prabhu na wenzake, kupitia taasisi ya Kiingereza ya Bangalore, waliendesha katika shule kadhaa za kawaida za India ya Kusini mradi ambao muhtasari wake haukuwa na orodha ya maneno, miundo wala dhima. Ulikuwa na kazi tu: kusoma ratiba ya treni na kuamua ipi itamfikisha msafiri kwa wakati, kufuata ramani, kukokotoa umbali au gharama. Mwalimu aliifanya kwanza kazi inayofanana na darasa zima kwa maswali na majibu, kisha kila mwanafunzi akaifanya ya kwake peke yake, na kilichosahihishwa ni jibu la kazi. Prabhu alishikilia kwamba sarufi hukaa vizuri akili inaposhughulikia maana, na kinyume na inavyodhaniwa kuhusu mbinu shirikishi, aliikwepa kazi ya vikundi kwa kuhofia kwamba wanafunzi wangeambukizana makosa. Tathmini ya Alan Beretta na Alan Davies, iliyotolewa mwaka 1985, iliunga mkono dai lake kwa sehemu tu, lakini wazo la kupanga kozi kwa kazi lilikwisha kutoka na halikurudi nyuma.

Andalio la somo lenyewe lina nasaba ya peke yake, nayo ni ndefu zaidi. Wafuasi wa mwanafalsafa Mjerumani Johann Herbart, hasa Tuiskon Ziller na Wilhelm Rein, waligawa somo lolote katika hatua tano katika karne ya 19, na anayeziangalia hatua zilizotumika kwa muda mrefu katika andalio la Tanzania, yaani utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho, ataona ukoo. Malengo mahsusi yanayotangulia hatua hizo yanatokana na Ralph Tyler wa Marekani, aliyeeleza mwaka 1949 kwamba mpango wowote wa elimu uanze na badiliko linalotarajiwa kwa mwanafunzi. Katika Kiingereza hatua hizo zilipunguzwa kuwa tatu, uwasilishaji, mazoezi na utumiaji huru, mpangilio uliopata umaarufu kupitia kitabu cha Donn Byrne cha mwaka 1976, na kozi fupi za ualimu, zilizoanzishwa na John na Brita Haycraft mjini London mwaka 1962, ziliusambaza kwa vijana wengi walioondoka kwenda kufundisha ng'ambo.

Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali mwaka 1967, Kiingereza kilibaki somo katika shule ya msingi na lugha ya kufundishia katika sekondari, na hapo mpango wa kozi ukabebeshwa mzigo usiobebeka: vipindi vichache kwa wiki vimwandae mtoto kusoma fizikia na historia kwa lugha hiyo. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kipandishwe hadi sekondari, pendekezo ambalo serikali haikulitekeleza. Mwaka 1984 uchunguzi wa Clive Criper na William Dodd ulionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine, lakini wachunguzi hao wakashauri kiendelee kutumika, na mradi uliofuata, uliogharamiwa na Uingereza, ulipeleka shuleni vitabu vingi vya hadithi vilivyorahisishwa.

Hivyo chombo cha West kilifika Tanzania, lakini kipimo chake hakikufika. Wanaoandika upya muhtasari wa Kiingereza wanapaswa kueleza, mwisho wa kila darasa na kila kidato, ni kitu gani anachoweza kukifanya kwa lugha hiyo mwanafunzi ambaye hatarudi mwaka unaofuata, na darasa ambalo halina jibu la kuandikwa hapo lipangwe upya.